Mtu akisema maisha yake ni mazuri, je, neno lake linatosha?

#1 Mwandamani

Ndugu zangu, salamu. Nina dai ambalo ningependa tulijadili bila haraka. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma jinsi wataalamu wanavyojaribu kuupima ustawi wa binadamu, na kila ninapozichimba mbinu zao nakuta kwamba chini kabisa kuna mtu mmoja anayeuliza na mwingine anayejibu. Mojawapo ya maswali yanayotumika sana lilibuniwa na Hadley Cantril, aliyelichapisha mwaka 1965. Mhojiwa huombwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, cha juu kikiwa ni maisha bora kabisa anayoweza kuyapata na cha chini yale mabaya kabisa, kisha aseme yeye mwenyewe amesimama kwenye kidato kipi. Majibu ya swali hilo ndiyo yanayotumika kuzipanga nchi kila mwaka, na ndiyo yaliyoiweka Ufini juu ya orodha tangu mwaka 2018.

Dai langu ni hili: hakuna shahidi wa maisha ya mtu anayemzidi mwenyewe. Akisema yuko kwenye kidato cha saba, basi yuko cha saba, na hakuna daktari, mchumi, kiongozi wala mzazi aliye na haki ya kumwambia kwamba amejikadiria vibaya. Wapo wanaotaka kuongeza umri wa kuishi, elimu na kipato ili wapate kile wanachokiita picha kamili. Mimi naona hao wanapima nyenzo za maisha, hawapimi maisha. Anayeona kosa katika hoja hii anioneshe.

#2 Mpimaji

Mada nzito, ahsante. Kosa ninaloliona ni kwamba umemchukulia shahidi wako kuwa mmoja, ilhali ni wawili na mara nyingi hawakubaliani. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo washiriki waliingiza mkono katika maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliuingiza kwa sekunde 60 vilevile, kisha wakauacha humo kwa sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa kidogo hadi nyuzi 15, kiasi ambacho bado kinauma. Walipoulizwa ni zoezi lipi wako tayari kulirudia, wengi walichagua lile refu. Walichagua maumivu mengi zaidi kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa na nafuu kidogo.

Mtu aliye ndani ya maji na mtu anayeyakumbuka maji hawatoi ushahidi mmoja, na swali la ngazi humuuliza huyo wa pili. Ndugu Mwandamani, unaposema neno la mtu linatosha, unamwamini yupi kati yao?

#3 Mama Pacha

Mpimaji amegusa mahali ninapopajua. Wanangu walipokuwa wachanga, mmoja alipolala mwingine aliamka, na kuna usiku nilikaa sakafuni mgongo ukiwa ukutani, mmoja ananyonya, mwingine analia juu ya mapaja yangu, na mimi machozi yananitoka bila sababu ninayoweza kuitaja. Kama mtu angeniuliza dakika ile ninajisikiaje, angepata jibu baya sana. Angeniuliza asubuhi yake kama maisha yangu ni mazuri, ningesema ndiyo, tena kwa ukweli wa moyo.

Upo utafiti wa mwaka 2004 ambao wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas waliombwa waijenge upya siku yao iliyotangulia, tukio baada ya tukio, na waeleze walivyojisikia katika kila tukio. Kulea watoto kulipata alama za chini kuliko kutazama televisheni na hata kuliko kupika, na safari ya kwenda kazini ilishika mkia. Wengi wakisoma hayo husema kwamba wazazi wanajidanganya wanapodai kuwa watoto ni furaha yao. Mimi nakataa. Kipimo cha dakika kinaona uchovu wangu vizuri sana, lakini hakiwezi kuona kwamba nilikuwa mahali nilipotaka kuwa.

#4 Barazani

Mama Pacha, pole na hongera kwa pamoja. Mpimaji naye amemkabidhi Mwandamani shahidi wa pili kabla hajamaliza kumtetea wa kwanza. Tunasubiri majibu, mkuu.

#5 Muuguzi wa Zamu

Naomba nimtetee Mwandamani kwa yale ninayoyaona wodini. Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, linaeleza afya kuwa ni hali ya ukamilifu wa kimwili, kiakili na kijamii, na si kutokuwa na maradhi tu. Kwa kipimo hicho, karibu wote ninaowahudumia hawana afya na hawataipata tena, ilhali baadhi yao wana utulivu ambao sisi tuliovaa sare hatunao.

Nilimhudumia mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Siku za mwanzo aligeukia ukuta na hakutaka kusemeshwa. Baadaye alianza kupanga vitu vyake kwa namna yake: kikombe upande wa kulia, redio karibu na mto, magongo yakiwa yameegemea mahali ambapo mkono wake unafika bila yeye kuinuka. Ukisogeza kitu, anakirudisha. Alipokuwa akiondoka aliniambia kwamba hajawahi kuona siku nzuri kama ile. Binadamu huzoea. Ndiyo maana utafiti mashuhuri wa mwaka 1978 ulikuta kwamba walioshinda bahati nasibu na waliopooza kwa ajali walikuwa na furaha sawa.

#6 Mpekuzi

Dada Muuguzi, heshima kwako na kwa kazi yako, lakini utafiti huo haukukuta hivyo, na kosa hili limerudiwa mno kiasi kwamba linastahili kusahihishwa kwa takwimu. Philip Brickman na wenzake waliwahoji washindi 22, watu 29 waliopooza kwa ajali, na watu wengine 22 wa kulinganisha nao. Katika kipimo cha 0 hadi 5, washindi walijipa wastani wa 4.00, watu wa kulinganisha 3.82, na waliopooza 2.96. Kwa hiyo washindi hawakutofautiana kwa maana na watu wa kawaida, lakini waliopooza walikuwa chini waziwazi. Zaidi ya hayo, kila mtu alihojiwa mara moja tu, kwa hiyo utafiti huo haukumfuata mtu yeyote akiwa katika safari ya kuzoea.

Tafiti zilizowafuata watu kwa miaka mingi zinatoa picha yenye pande nyingi zaidi. Ujerumani ina mfululizo wa mahojiano ya kaya ulioanza mwaka 1984, na uchambuzi wake wa mwaka 2004 ulionesha kwamba waliopoteza ajira kwa wastani hawakurudi kikamilifu katika kiwango chao cha zamani cha kuridhika, hata baada ya kupata kazi nyingine. Nako Uswidi, watafiti walichapisha mwaka 2020 kwamba walioshinda kiasi kikubwa cha bahati nasibu bado walikuwa wameridhika zaidi na maisha zaidi ya mwaka wa kumi baada ya ushindi, ingawa athari kwa furaha ya kila siku na afya ya akili ilikuwa ndogo. Kuzoea kupo, lakini si kwa kila jambo.

#7 Muuguzi wa Zamu

Takwimu nimezipokea, Mpekuzi. Hata hivyo, tazama tena hiyo 2.96. Kipimo kinaishia 5, kwa hiyo waliopooza walijiweka juu ya katikati. Waulize watu wazima wanaotembea mtu wa namna hiyo angejipa ngapi, na sidhani kama wengi wangefika hapo. Ninachosisitiza ni kwamba sisi tulio nje ya kitanda hukosea zaidi kuliko aliyelala juu yake, na hukosea kwa upande uleule kila mara: tunayahesabu maisha yake kuwa yamekwisha.

#8 Mizani

Hapa ndipo ninapoogopa, na ninaomba nieleze kwa urefu kidogo.

Mchumi Amartya Sen ameandika mara kadhaa kuhusu uchunguzi wa kiafya uliofanywa karibu na Calcutta, India, mwaka 1944, mwaka mmoja baada ya njaa kubwa ya Bengal. Wajane wa kiume na wa kike waliulizwa kuhusu afya zao. Karibu nusu ya wanaume walisema afya zao ni mbaya au si nzuri. Kwa upande wa wanawake, ambao kwa hali ya jamii ile ndio waliokuwa na sababu nyingi zaidi za kuugua, waliolalamika walikuwa wachache sana. Tukilifuata dai la Mwandamani neno kwa neno, tungewapelekea wanaume dawa na kuwaacha wanawake waendelee na shughuli zao, kwa kuwa wamesema hawajambo.

Mtu aliyenyimwa kitu kwa muda mrefu hupunguza anachokitarajia, kwa sababu kutamani kusikofika kunachosha. Kuridhika kwake ni kwa kweli, haigizi, lakini kumetengenezwa na kile alichonyimwa. Ndiyo maana Sen alihimiza tuangalie yale ambayo mtu anaweza kuyafanya na kuwa: je, anaweza kula akashiba, kusoma, kutembea bila hofu, kusema mbele za watu? Mawazo hayo ndiyo yaliyochangia kipimo cha maendeleo ya binadamu kilichoasisiwa na Mahbub ul Haq katika Umoja wa Mataifa mwaka 1990, chenye umri wa kuishi, elimu na kipato. Hizo unazoziita nyenzo, ndugu Mwandamani, ndizo zinazotuwezesha kusikia yale ambayo mtu ameshazoea kutoyasema.

#9 Mwandamani

Mizani, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hadi sasa. Naijibu kwa kutenganisha mambo mawili. Afya ya mwili ina ukweli ulio nje ya maoni ya mgonjwa: homa hupimwa, damu hupimwa. Mjane akisema hana homa ilhali anayo, amekosea juu ya mwili wake. Lakini akisema ameridhika na maisha yake, hakuna kipimajoto cha kumsahihisha. Unaweza kusema anastahili zaidi, nami nitaungana nawe na kudai apewe zaidi. Huwezi kusema hajaridhika.

Vilevile nina hofu inayolingana na yako. Tukishakubali kwamba kuridhika kwa maskini hakuhesabiki kwa kuwa kumetokana na unyonge, nani atakayehesabika? Tajiri naye ametengenezwa na alichokizoea. Mamlaka ya kuamua ni furaha ya nani iliyo halali yatabaki kwa wale wanaoandika ripoti.

Kwa Mpimaji: nikilazimishwa kuchagua, namwamini anayekumbuka, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kesho afanye nini.

#10 Karani wa Hesabu

Hatuwezi kufika mchango wa kumi bila kuzungumzia fedha, na nashangaa kuwa hadi sasa mmeipita pembeni. Richard Easterlin alionesha mwaka 1974 kwamba ndani ya nchi moja matajiri walisema wana furaha kuliko maskini, lakini Marekani ilipoendelea kutajirika miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wastani wa furaha haukupanda pamoja na utajiri. Betsey Stevenson na Justin Wolfers walimpinga mwaka 2008 kwa takwimu za nchi nyingi zaidi, wakidai kwamba kipato na kuridhika hupanda pamoja na hakuna kikomo kinachoonekana. Easterlin mwenyewe hakukubali, na mabishano hayo yanaendelea kati ya wafuasi wa pande zote mbili.

Kisa kinachonivutia zaidi ni kingine. Mwaka 2010 Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba nchini Marekani hisia njema za kila siku huacha kupanda kipato kikifika takriban dola 75,000 kwa mwaka, ingawa alama ya ngazi huendelea kupanda. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth, aliyekuwa akiwauliza watu kupitia simu zao wakiwa katikati ya shughuli, akasema hakuona kikomo chochote. Badala ya kurushiana maneno, Killingsworth na Kahneman walikaa pamoja na Barbara Mellers kama msuluhishi, na mwaka 2023 wakachapisha jibu la pamoja: kwa wengi furaha huendelea kupanda na kipato, lakini kwa kundi la wenye huzuni zaidi, takriban mtu mmoja kati ya watano, kupanda huko husimama karibu na dola 100,000. Maana yake ni kwamba fedha hupunguza mateso ya aina fulani na kuacha mengine kama yalivyo. Napendekeza tuige namna walivyobishana.

#11 Fundi Mstaafu

Karani, mimi nilikuwa na fedha na bado nilizama. Kampuni niliyoitumikia ilipunguza watu, nikapewa kiinua mgongo cha kutosha, na madeni sikuwa nayo. Kwa miezi kadhaa niliendelea kuamka saa ileile, kunyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi, kisha kukaa kwenye kiti nisijue mikono niiweke wapi. Nilikuwa na nafasi ya kufanya yote niliyokuwa nikiyaahirisha, na sikufanya hata moja.

Baadaye nilisoma juu ya kijiji cha Marienthal nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilifungwa na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha uchunguzi wao mwaka 1933. Walikaa wakiwatazama watu barabarani na kupima mwendo wao, wakakuta wanaume wanatembea taratibu na kusimama mara kwa mara, huku wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda, wakitembea upesi zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua kwa takriban nusu, wakati ambao watu walikuwa na saa zote za kusoma. Jahoda alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, huigawa siku, hukukutanisha na watu wasio wa nyumbani kwako, hukupa lengo linalowahusu wengine, hukupa hadhi na kukulazimisha kujishughulisha. Niliposoma orodha hiyo nilielewa kilichokuwa kimeondoka. Hakuna aliyekuwa akinitarajia mahali popote.

#12 Mshumaa

Fundi, pole sana. Niongeze kwamba hata walio kazini hawalingani. Utafiti wa watumishi wa umma wa Uingereza ulioanza mwaka 1967 uliwafuata wanaume zaidi ya 17,000, wote wakiwa na ajira ya ofisini na hakuna aliyekuwa fukara. Michael Marmot na wenzake walikuta kwamba vifo vilipangika kama vyeo: waliokuwa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya waliokuwa juu kabisa, na aliye daraja la pili kutoka juu alikuwa katika hatari zaidi kuliko aliye juu yake. Uvutaji wa sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Marmot amekuwa akihimiza tutazame kiasi cha mamlaka ambayo mtu anayo juu ya kazi na maisha yake. Kwa hiyo mbali na swali la mtu anajisikiaje, liko swali la nani anayempangia siku yake.

#13 Mama Pacha

Mbona hakuna aliyetaja damu? Wanangu hawafanani kwa sura na hawafanani kwa tabia: mmoja aliamka akicheka tangu mchanga, mwingine hadi leo huamka akiwa na manung'uniko. Chakula kimoja, mama mmoja, nyumba moja. Tafiti za mapacha, mojawapo ikiwa ya David Lykken na Auke Tellegen ya mwaka 1996, zinaonesha kwamba mapacha wanaofanana hukaribiana katika furaha kuliko wasiofanana, hata wakikulia mbali. Makadirio mengi ya sasa yanasema takriban theluthi moja ya tofauti za watu katika kuridhika na maisha inahusiana na urithi. Pengine kidato cha saba cha mtu mmoja ni namna alivyozaliwa tu.

#14 Barazani

Basi tufunge mjadala, tuwalaumu mababu?

#15 Mpekuzi

Tusifunge. Theluthi hiyo inaeleza tofauti kati ya watu wa jamii fulani kwa wakati fulani. Haisemi kwamba theluthi ya furaha ya mtu mmoja imeandikwa kwenye damu yake, wala haisemi kwamba kinachorithiwa hakibadiliki. Mazingira yakibadilika, hata kiwango hicho hubadilika. Kwa sababu hiyohiyo, wanaopenda kunukuu mgawanyo uliotolewa mwaka 2005, kwamba 50 kwa mia ni urithi, 10 ni mazingira na 40 ni juhudi zako, wawe na tahadhari. Nick Brown na Julia Rohrer waliuchambua mwaka 2019 na kuonesha kwamba hesabu hiyo haiwezi kubeba ushauri unaotundikwa juu yake. Umeuza vitabu vingi, na umewafanya watu wenye shida za kweli waamini kwamba huzuni yao ni uvivu. Jambo hilo linaniuma.

#16 Jirani Mwema

Nyote mmezunguka jambo ambalo Fundi alilisema katika sentensi yake ya mwisho. Utafiti ulioanza mwaka 1938 katika Chuo Kikuu cha Harvard uliwafuata wanafunzi 268, na baadaye ukaunganishwa na mwingine wa vijana 456 kutoka mitaa maskini ya Boston. Robert Waldinger, anayeuongoza sasa, anasisitiza kwamba uzito wa mahusiano ya karibu ulitabiri afya na furaha ya uzeeni. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa takriban 50 kwa mia. Upweke unaua, na jambo hilo halihitaji ngazi yoyote.

#17 Mpimaji

Naomba kutofautiana kidogo na Jirani. Wale wa 1938 walikuwa wanaume watupu, tena weupe watupu, na wake zao waliingizwa baadaye sana. La pili ni mwelekeo wa sababu. Mgonjwa hupoteza marafiki kwa sababu hawezi kutoka, mwenye sonona huacha kupokea simu, na mtu mchangamfu kwa kuzaliwa, kama yule mmoja wa watoto wa Mama Pacha, huvuta watu na pia huishi vizuri. Watafiti hujitahidi kuzingatia hayo katika hesabu zao, lakini hakuna anayeweza kuwagawia watu ndoa na urafiki kwa kura.

Nirudi kwa Mwandamani, kwani bado kuna udhaifu katika neno la shahidi anayekumbuka. Fritz Strack na wenzake walichapisha mwaka 1988 kwamba wanafunzi walipoulizwa kwanza kuhusu furaha ya maisha na baadaye kuhusu miadi ya mapenzi, majibu mawili hayakuhusiana kwa maana. Mpangilio ulipogeuzwa, uhusiano ulipanda hadi 0.66, katika kipimo ambacho 0 ni kutohusiana na 1 ni kuhusiana kikamilifu. Swali la kwanza lilikuwa limewaambia waangalie wapi.

#18 Mpekuzi

Tusiende mbali mno na hilo. Iliwahi kudaiwa mwaka 1983 kwamba siku ya jua watu hutoa alama za juu za maisha kuliko siku ya mvua. Richard Lucas na Nicole Lawless walipoyachunguza mwaka 2013 majibu ya Wamarekani zaidi ya 1,000,000, hawakuona athari ya kuaminika ya hali ya hewa. Neno la mtu linayumba, lakini haliyumbi kama bendera.

#19 Njia Panda

Nimesoma kimya hadi hapa. Swali langu kwa Mwandamani halihusu takwimu. Chukua mtu anayeamini kwamba mwenzi wake anampenda, watoto wake wanamheshimu na wafanyakazi wenzake wanamthamini. Hakuna hata moja lililo kweli. Wote wanamdanganya kwa ustadi, naye hatajua hadi kufa. Anapanda ngazi hadi juu na kusema kwa moyo mweupe kwamba maisha yake ni bora. Mwanafalsafa Robert Nozick aliuliza jambo linalokaribia hili mwaka 1974, alipotutaka tufikirie mashine ya kutupa hisia zozote tunazozitaka, akahoji kama tungekubali kuunganishwa nayo.

Mtu huyu haigizi, hakuzoea dhiki, hana kumbukumbu inayomhadaa kuhusu maji ya baridi. Bado siwezi kumtakia mwanangu maisha yake. Carol Ryff alipopendekeza mwaka 1989 mambo sita ya ustawi, yaani kujikubali, mahusiano mema, uhuru wa kujiamulia, kuyamudu mazingira, kuwa na lengo na kukua kiutu, nadhani alikuwa akitafuta kile kinachokosekana hapa, na kabla yake Aristotle alikwisha sema kwamba maisha mema ni jambo la kutenda vizuri katika umri mzima.

#20 Mwandamani

Njia Panda, nami nisingemtakia mwanangu maisha hayo. Lakini naona ametendewa uovu, na uovu ni jambo la wale waliomtenda. Je, lazima tuseme pia kwamba yeye mwenyewe hakuishi vizuri? Nikisema hivyo, namwadhibu mara ya pili kwa udanganyifu wao. Orodha ya Ryff naiheshimu, ila hata yeye aliipima kwa kuwauliza watu wenyewe.

#21 Mizani

Aliwauliza mambo mahususi, mkuu, na hapo ndipo penye tofauti. "Je, unaweza kukataa jambo usilolipenda nyumbani kwako?" ni swali ambalo mjane wa 1944 asingelijibu kwa urahisi kwamba hajambo.

#22 Muuguzi wa Zamu

Naleta jambo la vitendo, kwa kuwa linanihusu kesho. Fomu tunayowajazisha wagonjwa wanapotoka ina swali moja tu kuhusu hali yao kwa jumla, na wengi huandika "nzuri" huku mkono mwingine ukishika begi. Nimeombwa nipendekeze swali moja la kuongeza. Moja tu. Mngeniambia niweke lipi?

#23 Fundi Mstaafu

Waulize nani anawatarajia kesho, na kwa ajili ya nini.

#24 Mshumaa

Mimi ningeuliza ni jambo gani katika siku yao wanaliamua wenyewe.

#25 Mpimaji

Yote mawili ni mazuri na yote mawili yatakupa sentensi badala ya alama. Mgonjwa mmoja atakuandikia kwamba mjukuu anamsubiri amsomee, mwingine kwamba hakuna anayemsubiri na ndivyo anavyopenda. Dada Muuguzi, kabla ya kuipeleka fomu, tuambie nani atakayezisoma sentensi hizo, na atatumia kanuni gani kuamua ni yupi kati ya hao wawili anayehitaji kutembelewa wiki ijayo.